Boksi 70 za pilipili mbuzi: mzigo ulioteketezwa Brussels na magunia yaliyofika salama

Desemba 2023 mzigo wa pilipili mbuzi kutoka Uganda ulizuiwa uwanja wa ndege wa Brussels, na siku chache baadaye ukateketezwa. Ulikuwa mzigo mdogo, boksi 70 za kilo 4. Mnunuzi ni mama wa Bukavu anayeuza vyakula vya nyumbani Matonge, mtaa wa Wakongo ulioko Ixelles, Brussels. Muuzaji ni kijana wa Bunia aliyehamia Kampala, mwenye kituo kidogo cha kufungashia mboga njia ya Entebbe. Wote wawili wamekubali nikieleze kisa chao bila kuwataja majina, na wamenionyesha karatasi zote: oda, cheti cha afya ya mimea, hati ya mzigo wa ndege na taarifa ya wakaguzi.

Nimekaa na karatasi hizo muda mrefu kwa sababu kila mara ninaposikia mzigo wa pilipili umekamatwa Ulaya, lawama huenda kwa wakaguzi. Wanasemwa kwamba wana roho mbaya, au kwamba wanalinda wakulima wao. Katika kisa hiki pilipili zilikuwa zimeshapotea kabla hazijachumwa, na aliyezipoteza bila kujua ni mtu aliyekuwa akihesabu nauli.

Tuanze na hiyo nauli. Mashirika ya ndege hupanga bei ya mizigo kwa ngazi za uzito, na ngazi za kawaida ni kilo 45, 100, 300 na 500. Ukivuka ngazi, bei ya kilo hushuka kwa mzigo mzima. Mama alikuwa amezoea kuagiza mzigo wa chini ya kilo 300, na kila mwezi aliona faida yake ikiliwa hewani. Kwa kuwa Noeli ilikuwa inakaribia na wateja wanaulizia pilipili kila siku, alipiga hesabu: boksi 70 za kilo 4 ni kilo 280, ukiongeza uzito wa maboksi yenyewe unaipita 300. Akaagiza 70.

Kijana ana shamba moja aliloingia nalo mkataba, lililoko Mukono, lenye kitalu nyumba cha neti. Ndilo lililosajiliwa na kupewa namba, na ndilo linalokaguliwa na maofisa wa Wizara ya Kilimo ya Uganda. Wiki ile kitalu kilikuwa na boksi 45. Alimpigia mama simu mapema, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

“Yaya, ndani ya neti napata boksi 45 tu.”

“Boksi 45 itanifikisha wapi? Tafuta ingine, ndugu yangu. Ndege ni Alhamisi.”

Akatafuta. Boksi 25 zikatoka kwa wakulima wa jirani wanaolima nje, bila neti. Pilipili zilikuwa nzuri: nyekundu na njano, ngumu, zinang'aa, vikonyo bado kijani. Zikaoshwa, zikachaguliwa, zikafungwa pamoja na zile za neti, na boksi zote 70 zikabandikwa namba ya shamba moja. Cheti kikaandikwa kwa namba hiyo.

Brussels, wakaguzi walichukua sampuli kutoka maboksi kadhaa na kupasua tunda moja moja kwa kisu. Katika tunda mojawapo kulikuwa na tundu dogo kama la sindano, limejificha pembeni ya ile kofia ya kijani inayoshika kikonyo. Ndani mbegu zimegeuka kahawia, kuna uchafu kama unga wa msumeno, na kiwavi mweupe mwenye kichwa cheusi, hai, urefu wake milimita chache. Picha ya tunda hilo imo kwenye taarifa. Ukilitazama upande wa pili, ni pilipili ambayo wewe na mimi tungeichagua ya kwanza sokoni.

Maabara ilithibitisha kwamba kiwavi ni wa nondo aitwaye kitaalamu Thaumatotibia leucotreta. Kwa mdudu huyo hakuna kiwango kinachovumiliwa. Mmoja akiwa hai anatosha kuangusha shehena yote, boksi 45 za neti pamoja na 25 za jirani, kwa sababu kwenye karatasi zote zilikuwa kitu kimoja.

Nondo huyu ni wa kwetu. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara, na anakula karibu kila kitu: machungwa, maparachichi, mapera, pamba, mbarika, mahindi, hata waridi. Jike hutaga yai dogo, bapa, juu ya ganda la tunda, na jicho la kawaida haliwezi kuliona bila kulitafuta. Baada ya siku chache yai linaanguliwa, kiwavi anatoboa na kuingia, na kuanzia hapo anaishi ndani mpaka akomae na kugeuka wa rangi ya waridi. Ndipo anatoka, anajiangusha chini na kujifunika kwenye udongo. Kwa hiyo anayechagua pilipili mezani pa kituo cha kufungashia anaweza kukamata tunda lililooza au lenye tundu kubwa, lakini lililotobolewa juzi litampita hata akiwa mzoefu wa miaka mingi. Kuosha hakumtoi.

Ulaya inamwogopa kwa sababu imeshaonja. Mwaka 2009 alikutwa Uholanzi ndani ya kitalu cha vioo, kwenye pilipili za aina hii hii, na wakalazimika kumtokomeza. Nje, majira ya baridi ya kaskazini yangemmaliza, ila ndani ya vitalu vinavyopashwa joto, au kwenye mashamba ya machungwa ya Hispania na Italia, angeweza kukaa. Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulitoa orodha ya wadudu na magonjwa 20 ya mimea ya kupewa kipaumbele, naye yumo.

Kanuni yenyewe ilianza kutumika 1 Januari 2018. Pilipili za jamii ya Capsicum zinazotoka bara la Afrika, za kuwasha na hoho pia, zinapaswa kuja na cheti kinachotamka mojawapo ya mambo haya: nchi haina nondo huyu, au eneo lililotambuliwa rasmi halina, au mahali zilipolimwa hapana, pamekaguliwa, na panaweza kufuatiliwa kwa namba, au mzigo umepitia matibabu ya baridi au mengine yanayomuua. Nchi kama Uganda, ambako mdudu ndiko kwao, haiwezi kutamka la kwanza, na la pili ni gumu mno. Yanabaki mawili.

Hapa ndipo pilipili inapotofautiana na chungwa, na ndipo ninapoona wafanyabiashara wengi wanapotea. Chungwa unaweza kuliweka karibu na nyuzi sifuri kwa wiki kadhaa ndani ya meli na kiwavi akafa, tunda likabaki zuri. Hata huko kuna ugomvi: mwaka 2022 Afrika Kusini ilifungua shauri dhidi ya Umoja wa Ulaya kwenye Shirika la Biashara Duniani kuhusu masharti ya baridi kwa machungwa yake. Pilipili haiwezi kabisa safari hiyo. Inapenda nyuzi 7 hadi 10. Ukiishusha chini ya hapo kwa siku nyingi ganda linaingia vishimo, kofia inakuwa nyeusi, mbegu zinabadilika rangi na uozo unafuata. Baridi inayoua kiwavi inaua na bidhaa. Basi kwa pilipili mbichi umebaki mlango mmoja tu, nao uko shambani.

Wapo wanaodhani kuna mlango wa dawa. Mkulima wa nje akisikia habari za kiwavi, hupuliza, na mara nyingi hupuliza kile kinachouzwa duka la jirani. Klorpirifosi, kwa mfano, imetumika miaka mingi kwenye mboga zetu. Ulaya iliondoa idhini yake mwaka 2020 na kushusha kiwango cha mabaki hadi miligramu 0.01 kwa kilo, yaani karibu hakuna. Pilipili za kuwasha za Uganda zimewahi kuwekwa kwenye orodha ya bidhaa zinazoongezewa ukaguzi mpakani kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu. Kwa hiyo mkulima anayemkimbia kiwavi kwa kupuliza kila wiki anaweza kupita kwa mkaguzi wa mimea akaanguka kwa mkaguzi wa chakula, kwenye uwanja ule ule. Na dawa inayopulizwa haimfuati kiwavi aliyekwisha kuingia ndani ya tunda. Inabidi impate katika zile saa chache kati ya kuanguliwa na kutoboa.

Kitalu cha neti kinafanya kazi kwa sababu kinamzuia jike asifike kwenye tunda. Nimeonyeshwa picha za kile cha Mukono. Kina milango miwili, na sheria ni kwamba wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe. Ndani na nje kuna mitego yenye harufu ya nondo jike, madume wananaswa kwenye gundi na kuhesabiwa kila wiki kwenye daftari. Matunda yaliyoanguka yanaokotwa kila siku na kufungwa kwenye mifuko mizito inayoachwa juani. Kazi ya kuokota ndiyo inayochosha vibarua na ndiyo ya kwanza kuachwa, kumbe tunda lililoachwa chini ndilo linalozalisha nondo wa wiki zijazo. Neti ikitoboka mahali pamoja kwa tawi la mti, kitalu kimekuwa shamba la kawaida lenye gharama kubwa. Daftari la mitego la Novemba na Desemba linaonyesha nondo wengi nje na hakuna ndani. Zile boksi 45, kwa kila ushahidi nilioona, zilikuwa safi.

Ziliteketezwa pamoja na nyingine. Mama alilipa nauli, ukaguzi, siku za hifadhi, na gharama za kuteketeza, ambazo kwa sheria humwangukia mwagizaji. Wiki ile alinunua pilipili za aina hiyo zilizolimwa Uholanzi, kwa bei ya majira ya baridi, ili asiwapoteze wateja wa Noeli. Akakataa kulipa ankara ya Kampala.

Kijana alijitetea kwamba alisema mapema neti ina 45. Ni kweli alisema. Lakini alisema kwenye simu, na hakusema kwamba 25 za nyongeza zitatoka nje ya shamba lililosajiliwa. Mama naye anasema hakujua kwamba hilo lina maana yoyote. Kwake pilipili ni pilipili, na cheti kilikuwepo. Waliponiomba maoni nilisema wazi kwamba uzito mkubwa ni wa muuzaji. Namba iliyobandikwa kwenye boksi ni neno lake. Mnunuzi anaweza kusukuma bei, anaweza kusukuma wingi, lakini anayebandika namba ya shamba kwenye tunda lisilotoka shamba hilo ameandika uongo, hata kama nia yake ilikuwa kumsaidia ndugu. Na madhara hayaishii kwake. Kila mzigo unaokamatwa, taarifa hupelekwa kwa mamlaka za nchi ulikotoka na kuhesabiwa dhidi ya nchi nzima. Mkulima wa Luweero aliyefunga neti yake vizuri anaweza kujikuta amefungiwa soko kwa sababu ya boksi 25 ambazo hakuziona.

Sehemu ya mama ni kwamba hakuuliza. Mwagizaji wa pilipili mbichi kutoka Afrika anapaswa kujua kitalu kinatoa nini kwa wiki kabla hajaandika oda, na akiandika zaidi ya hapo ajue anamwomba mtu akajazie mahali. Mwishowe waligawana: kijana akabeba thamani ya pilipili, mama akabeba nauli na gharama za Brussels.

Katika wiki hizo hizo walikuwa na biashara nyingine, na ndiyo iliyowaokoa. Mama alikuwa ameagiza magunia 12 ya pilipili kichaa kavu, kilo 25 kila moja, yaliyochangia kontena na mizigo ya watu wengine. Yalitoka Kampala kwa lori kupitia Malaba, yakapakiwa Mombasa Januari 2024. Tangu Novemba iliyotangulia meli zilikuwa zinashambuliwa Bahari ya Shamu, kwa hiyo kontena lilizungushwa Rasi ya Tumaini Jema na kuchelewa wiki kadhaa kufika Antwerp. Pilipili mbichi isingeweza kuhimili hata nusu ya ucheleweshaji huo.

Pilipili iliyokaushwa sawasawa haina habari na yule nondo, na hakuna anayeipasua kumtafuta. Kikwazo chake mpakani ni cha aina nyingine: sumukuvu (aflatoksini). Ulaya inaruhusu mikrogramu 5 kwa kilo za aina ya B1 kwenye pilipili kavu, na 10 kwa jumla ya aina zote. Kuvu wanaoitengeneza hupata nafasi pale pilipili inapokaa na unyevu siku nyingi, na kwa wengi wetu hilo hutokea kwenye uanikaji. Pilipili zinaanikwa kwenye udongo, usiku zinapata umande, mchana zinakauka nje huku ndani bado mbichi, mvua inapiga, zinakusanywa harakaharaka kwenye gunia la plastiki. Ukishika gunia kama hilo utahisi uvuguvugu katikati. Sumu haisambai sawa. Gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake likawa na konzi chache zilizojaa sumu, ndiyo maana sampuli inayochotwa juu ya gunia moja haisemi chochote.

Mama alikuwa makini hapa kuliko alivyokuwa kwenye mbichi, kwa sababu miaka ya nyuma aliwahi kuletewa kavu zenye ukungu. Aliagiza zianikwe kwenye vichanja vyenye wavu, zifunikwe kwa turubai kila jioni, zisifungwe mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 11, na vipimo vya maabara vitokane na sampuli zilizochotwa sehemu nyingi za kila gunia. Pia alikataa unga. Alitaka pilipili nzima, na ninamuunga mkono kabisa. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa rangi ya Sudan I, rangi ya viwandani inayohusishwa na saratani. Pilipili nzima ni ngumu kuitia rangi, na mnunuzi anaiona kwa macho. Kusaga atasaga mwenyewe Brussels.

Bado nusura apate hasara. Kontena lililofungwa kwenye joto la Mombasa likafunguliwa kwenye baridi ya Februari ya Antwerp hutoa jasho: unyevu uliomo hewani na kwenye mizigo unageuka matone kwenye dari ya chuma na kudondoka. Magunia mawili ya juu yalikuwa na madoa. Aliyatenga, akayapeleka kupimwa peke yake, na hakuyauza kabla ya majibu. Kumi yaliyobaki yaliuzwa dukani na kwa mikahawa mpaka karibu katikati ya mwaka. Siku hizi wanatandaza karatasi nene juu ya magunia na kutundika mifuko ya kunyonya unyevu kwenye kuta za kontena.

Ushuru, kwa wanaouliza, haukuwa tatizo. Uganda imo kwenye kundi la nchi zinazoingiza bidhaa Ulaya bila ushuru isipokuwa silaha, na mzigo usiozidi thamani ya yuro 6,000 unahitaji tu tamko la asili ya bidhaa kutoka kwa muuzaji yeyote. Juu ya hapo muuzaji anatakiwa kusajiliwa kwenye REX, mfumo wa Ulaya wa kuandikisha wauzaji wa nje.

Waliporudi mezani Machi 2024, swali lilikuwa lile lile la nauli. Neti inatoa boksi 30 hadi 45 kwa wiki, na ngazi ya kilo 300 haisogei. Kijana ndiye aliyepata jibu, na naliona ni jibu zuri kuliko ushauri wowote niliokuwa nao. Kwa kanuni za Ulaya, ndizi na mananasi ni kati ya matunda machache yasiyodaiwa cheti cha afya ya mimea. Mengine ni nazi, tende na durian. Matoke, yaani ndizi za kupika, yanauzika Matonge wiki nzima. Basi kilo zinazopungua wanazijaza kwa matoke na mananasi, mzigo unavuka ngazi, na pilipili inabaki ile ya neti tu, ikiwa na cheti chake na namba yake ya kweli. Sharti moja wamejiwekea: zikifika Brussels haziwekwi chumba kimoja, kwa sababu ndizi inaungua kwa baridi inayoifaa pilipili, na inapoiva inatoa hewa inayozeesha mboga jirani.

Oda sasa inaandikwa kwa ujumbe, haisemwi kwenye simu. Kijana hutuma Jumatatu picha ya daftari la mitego na idadi ya boksi anazotarajia, mama hujibu kwa idadi isiyozidi hiyo. Wanachovutana hivi sasa ni kitalu cha pili. Kijana anataka mama atangulize nusu ya gharama ya neti na nguzo, akatwe kidogo kidogo kwenye mizigo. Mama yuko tayari kutoa theluthi, tena kwa masharti kwamba shamba liwe kwenye mkataba wenye jina lake na kwamba mkaguzi wa wizara aandikishe kitalu kabla mche wa kwanza haujapandwa.